Pikipiki Mpya Imeanguka: Rangi Iache Mwisho

Kama siti ya pikipiki yako bado ina nailoni ya dukani na tayari umeilaza kwenye kona ya kushukia kutoka Kibosho, pole sana. Ila usikimbilie duka la spea.

Pikipiki kuukuu ikianguka, mwenyewe huinyanyua, akaipangusa tope, akapiga kiki na kuendelea na safari. Mpya ikianguka, mwenyewe huona haya. Hutazama kwanza nani amemwona. Kesho yake asubuhi yuko mjini Moshi anauliza bei ya kioo cha pembeni, indiketa na stika ya tangi, ili jioni arudi kijiweni kana kwamba hakuna lililotokea. Matokeo yake ni pikipiki inayong'aa, lakini ukilegeza mikono kidogo inavuta upande, na ukishika breki ya mbele kwenye mteremko usukani unatetemeka. Abiria anayepandia Machame kuja mjini hana habari. Yaliyotengenezwa ni yale tu yanayoonwa na jicho.

Makala haya ni ya mtu anayetaka kuitengeneza mwenyewe, nyumbani, kwa spana za kawaida. Jambo hilo linawezekana kabisa. Boxer, TVS, Haojue na wenzao wa cc 100 hadi 150 waliojaa kwenye barabara za Kilimanjaro wameundwa kwa urahisi: nyingi bado zinatumia kabureta, karibu kila bolti inafikika, na spea zake zinauzwa hadi kwenye maduka ya njia panda. Kinachotakiwa ni mpangilio, na kwenye mpangilio huo urembo unakaa mwisho.

Kabla ya kushika spana jiulize ilianguka kwa nini, maana ukiitengeneza bila kujua sababu utaitengeneza tena. Tairi mpya kabisa ina uso laini uliobaki nao kutoka kiwandani. Inahitaji kilomita 150 hivi za mwendo wa taratibu ndipo ianze kushika barabara sawasawa. Breki mpya nazo hazijakaa vizuri kwenye dramu zake, na dereva mwenyewe hajaujua uzito wa chombo. Sasa mtu anaichukua pikipiki ya hali hiyo dukani mjini, penye mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari, na siku hiyo hiyo anaipandisha Marangu kuwaonyesha wazee, barabara imelowa ukungu. Kupanda hakuna tabu. Kazi ni kushuka.

Na kushuka kwetu tunakujua. Petroli ni ghali, kwa hiyo mtu anaweka frii, wengine wanazima injini kabisa, na kuanzia hapo breki pekee ndizo zinazobeba pikipiki, dereva, abiria na mkungu wa ndizi. Breki ya dramu ikipata moto inapoteza nguvu, hasa ya nyuma inayokanyagwa mfululizo. Halafu inakuja kona, na kwenye kona kuna udongo mwekundu ulioachwa juu ya lami na magari yatokayo kwenye njia za ndani. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, udongo huo unajaa kwenye michirizi ya tairi hadi tairi inabaki haina meno. Shuka na gia ya pili au ya tatu ili injini ikusaidie kuzuia mwendo, na breki zote mbili zishikwe kidogo kidogo kabla ya kona, si ndani yake. Petroli unayookoa kwa kuweka frii kutoka Marangu hadi Himo haikununulii hata leva ya klachi.

Ukishaanguka, mtu ndiye wa kwanza kukaguliwa. Mwili wenye mshtuko hausemi kweli. Wapo walionyanyua pikipiki, wakaendesha hadi nyumbani, na usiku ndipo wakajua kifundo cha mkono kimevunjika. Toka barabarani, kaa chini, jipapase taratibu: shingo, mtulinga, viganja, mbavu, magoti. Kama kichwa kiligonga chini na ukapoteza fahamu hata kwa sekunde chache, au unatapika, au tumbo linauma kwa ndani, pikipiki waachie wenyeji na wewe uende hospitali. Huku juu hatuna upungufu wa hospitali za karibu: Kibosho, Kilema, Machame, Marangu, Huruma kwa watu wa Rombo, na KCMC ipo mjini kwa makubwa zaidi. Utasikia habari za PF3, fomu ya polisi. Mtu aliye katika hali mbaya atibiwe kwanza na ndugu wahangaike na karatasi. Msimkalishe kituoni anavuja damu.

Pikipiki iliyolala huku bado inaunguruma izimwe mara moja na koki ya petroli ifungwe. Injini hizi zinavuta oili kutoka chini kwenye tumbo lake. Ikilala ubavu pampu inaweza kuvuta hewa, na injini mpya ambayo vyuma vyake havijazoeana ndiyo inayoumia zaidi. Kabureta nayo itamwaga petroli, kwa hiyo mwenye sigara asogee mbali hata kama amekuja kusaidia. Ukiisimamisha usibonyeze starta hapo hapo. Ipe dakika kadhaa oili irudi chini, tazama kipimo chake, chungulia chini ya injini kama kuna inayovuja. Kisha, swichi ikiwa imezimwa, kandamiza kiki polepole kwa mguu. Ikiwa imegoma usiilazimishe: huenda mafuta yameingia juu ya pistoni. Fungua plagi, piga kiki mara chache yatoke, kausha, rudisha.

Karatasi nazo hazisubiri. Kama kuna mtu au chombo kingine umekigonga, piga picha vitu vilivyolala kabla havijasogezwa, na polisi wa usalama barabarani waitwe. Maneno ya "tuyamalize hapa hapa" ni mabaya hasa pale mtu alipoumia. Leo anasema hana neno, keshokutwa mguu umevimba na ndugu zake wamefika mlangoni kwako. Wengi wetu tuna bima ndogo, ile ambayo sheria inailazimisha. Hiyo inamlipa uliyemdhuru, pikipiki yako haiihusu. Mwenye bima kubwa asifungue hata bolti moja kabla hajatoa taarifa kwa kampuni yake na pikipiki haijakaguliwa. Warantii ya duka haigharamii ajali, lakini ukiifungua injini mwenyewe unaweza kuiua warantii yote iliyobaki. Ndiyo maana kazi ninazozieleza hapa zinaishia nje ya injini.

Na wale wa mkataba, mnaopeleka hesabu kila siku mpaka chombo kiwe chenu: mpigie tajiri siku hiyo hiyo. Kadi bado ina jina lake. Habari akiipata kwa dereva mwingine wa kijiweni itamuudhi kuliko mchubuko wenyewe. Mweleze kilichovunjika, utakachotengeneza wewe na atakachotengeneza fundi, mkubaliane kuhusu hesabu ya siku itakazolala. Kutengeneza kwa siri pikipiki ya mtu mwingine ni kujitafutia kesi.

Tuje kwenye kazi. Usiianze siku ile ile, mikono bado inatetemeka na hasira haijatoka. Kesho yake ioshe vizuri kwanza, maana tope la mlimani linaficha nyufa. Tafuta sakafu ya saruji iliyo bapa. Nyumba nyingi za vihambani hazina uwanja ulionyooka, kwa hiyo omba baraza ya jirani au ya kanisa ikibidi, kwa kuwa pikipiki iliyosimama kwenye mteremko itakudanganya kila unapoipima. Spana za namba 8, 10, 12, 13, 14, 17 na 19 zinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi, pamoja na bisibisi ya nyota na ya bapa, plaizi, nyundo ya mpira na kopo la grisi. Kila unachotaka kukifungua kipige picha kwa simu kabla hujakigusa. Bolti zipange kwenye mkeka kwa mfuatano ulivyozitoa. Watoto wa nyumbani waambiwe mapema kwamba mkeka huo leo si wao.

Simama mbele ya pikipiki, libane gurudumu la mbele katikati ya magoti, utazame usukani. Mara nyingi utakuta gurudumu limenyooka lakini usukani umegeukia pembeni. Hapa ndipo fedha nyingi za watu hupotea. Ukiipeleka gereji ikiwa hivyo, mazungumzo yatakuwa haya:

"Mangi, shokapu zimepinda hizi. Zote mbili."

"Hazinyooki, fundi?"

"Zikinyooshwa hazikai. Chukua mpya, na usukani mpya, nikufungie leo leo."

Fundi anaweza kuwa anasema kweli. Lakini pikipiki iliyoanguka kwa mwendo mdogo mara nyingi haina kilichopinda. Bomba mbili za shokapu zimeshikwa na vibanio viwili vya chuma, kimoja juu na kimoja chini. Pikipiki ikipiga chini, bomba hizo hujisokota ndani ya vibanio zikaacha kuwa sambamba. Macho yanaona usukani uliopinda, kumbe kila chuma ni kizima na kimekaa tu vibaya.

Fanya hivi kabla hujatoa shilingi. Legeza nati ya ekseli ya gurudumu la mbele, bolti zinazoshika madigadi, kisha bolti za kibanio cha chini. Za kibanio cha juu zilegeze kidogo sana, maana zikiachia kabisa sehemu yote ya mbele itashuka. Rudi mbele, bana gurudumu kwa magoti, shika usukani pande mbili, uuvute kwa mkupuo mmoja kinyume na upande ulikogeukia. Utasikia kwenye viganja jinsi unavyorudi. Wakati mwingine unarudi kwa kishindo kidogo. Ukinyooka, kaza za juu. Kisha panda, shika breki ya mbele, ukandamize usukani chini na kuuachia mara kadhaa ili shokapu zicheze na kujipanga zenyewe. Hapo kaza kibanio cha chini, ekseli, na madigadi mwisho. Kazi hii haimalizi hata nusu saa, na kwa mwenye bahati ndiyo ukarabati wote wa mbele.

Kama baada ya hapo bado kuna upogo, sasa tafuta kilichopinda kweli. Usukani wenyewe ukiwa umejikunja nunua mwingine, wala usimruhusu mtu akuwekee bomba ndani aunyooshe. Chuma kilichokunjwa na kukunjuliwa kimechoka, na hicho ndicho unachokishikilia ukiwa kwenye mteremko wa Uru. Bomba za shokapu zinapimika nyumbani: itoe moja, iviringishe juu ya kioo cha dirisha au kipande cha terazo kilicho bapa. Iliyo nzima inabiringika kimya, imelala yote. Iliyopinda inayumba, na ukiinamisha kichwa utaona mwanga unapita chini yake. Angalia pia oilsili, ile raba inayozuia mafuta pale bomba inapoingilia. Pete ya mafuta mabichi juu ya bomba ina maana oilsili imejeruhiwa, na mafuta hayo yakishuka hadi kwenye breki hutakuwa na breki.

Kisha gololi za usukani. Weka gogo chini ya injini gurudumu la mbele liinuke, uzungushe usukani kwa vidole viwili kutoka mwisho wa kulia hadi mwisho wa kushoto. Unatakiwa uende laini. Ukikuta mahali unapokwama kidogo, hasa katikati, vikombe vya gololi vimepata vishimo na vinataka kubadilishwa. Kukaza zaidi hakuvitibu. Gurudumu likiwa bado juu lizungushe, ukiwa umefunga kijiti kwenye shokapu kikikaribia ukingo wa rimu, utazame nafasi iliyopo kati ya kijiti na rimu. Rimu inayocheza zaidi ya milimita 2 hivi inataka kunyooshwa. Kwa rimu za spoki, gonga spoki moja moja kwa bisibisi: iliyokaza inalia sauti nyembamba, iliyolegea inatoa sauti nzito iliyokufa. Fundi baiskeli mzoefu anainyoosha rimu ya spoki vizuri sana, na ndiye ningemwendea kabla ya gereji kubwa. Rimu ya kumwagwa, isiyo na spoki, ikiwa na ufa haichomelewi. Itupe.

Fremu ipimwe kwa kamba. Usukani ukiwa umenyooka, zungusha kamba nyuma ya tairi la nyuma, uzilete ncha zake mbili mbele pande zote za pikipiki, zikaze hadi ziguse kingo za tairi la nyuma mbele na nyuma. Nafasi kati ya kamba na tairi la mbele iwe sawa kulia na kushoto. Baada ya hapo chukua tochi, ukague maungio yaliyo nyuma ya usukani, chini ya tangi. Rangi iliyokunjamana au kupasuka mahali hapo ni dalili kwamba chuma cha chini yake kimesogea. Ukiona hivyo weka spana chini. Kazi ya fremu haifanyiwi barazani, na pikipiki hiyo isibebe mtu mpaka mwenye vifaa vya kuipima aione.

Wengi wataishia kwenye mambo madogo, na madogo haya ndiyo yanayoiendesha pikipiki. Resi ndiyo ya kwanza. Izungushe, iachie: lazima ijirudie yenyewe kwa ghafla, usukani ukiwa katikati, kulia mwisho na kushoto mwisho. Isiporudi, tazama ncha ya usukani ilipokwaruza lami. Mara nyingi chuma kimechanua na kubana bomba la resi, na tupa kidogo inatosha. Kisha washa injini uache ilie taratibu, geuza usukani pande zote mbili. Muungurumo ukipanda bila wewe kugusa kitu, kebo imevutika au imepita njia isiyo yake. Usitoke nje ya geti na pikipiki yenye tatizo hilo. Resi inayonasa kwenye kona za Mwika haikupi nafasi ya pili.

Leva za klachi na breki zimetengenezwa kwa aluminiamu. Ukizinyoosha zikiwa baridi zinakatika, au zinabaki na ufa utakaokatika siku nyingine, siku yenye mvua. Ni miongoni mwa spea za bei ndogo kabisa; nunua mbili, moja ikae chini ya siti. Makanyagio ya gia na ya breki ni ya chuma cha kawaida na yananyooka, ila kwanza yafungue. Ukilikunja kanyagio la gia likiwa bado kwenye shafti yake, nguvu yote inaingia ndani ya injini, na ulichokuwa unakitengeneza kwa nyundo kitakugharimu oilsili au ganda zima la pembeni. Lifungue, libane kwenye jiliwa au katikati ya mawe mawili mazito, lipashe moto, lirudishe taratibu kwa bomba. Sehemu ya kukanyagia ya dereva nayo hivyo hivyo.

Baada ya kila kebo kurudi mahali pake, weka uhuru kidogo kwenye leva ya klachi kabla haijaanza kuvuta, seti breki ya mbele na ya nyuma, halafu uhakikishe gurudumu linazunguka bila kukwaruza wakati hujashika kitu. Taa ya breki iwake kwa leva na kwa kanyagio. Hili la mwisho wanalisahau hata mafundi.

Ganda la injini likiwa na ufa unaotoa jasho la oili, gundi ya chuma inaweza kulishikilia kwa muda: safisha kwa petroli kidogo, kwaruza kwa msasa, paka, acha usiku kucha. Ni ya kukufikisha kwa mchomeleaji wa aluminiamu au kwenye ganda jipya, isigeuke kuwa matengenezo ya kudumu. Bolti zinazoingia kwenye aluminiamu kaza kwa spana fupi na nguvu ya kifundo cha mkono. Nyuzi zake zikishaliwa, utaanza kujifunza kazi ambayo hukuipanga.

Kuhusu tangi nitasema moja tu, na nitalisema kwa ukali. Tangi lililowahi kuwa na petroli, hata likiwa limekauka wiki nzima, lina mvuke ndani yake, na cheche ya kuchomelea inalipua. Bonyeo dogo lisilovuja liache lilivyo au lijaze kwa bodifila. Linalovuja mpelekee mtu anayejua kulisafisha na kulijaza maji kabla ya kuwasha moto, na kama hafanyi hivyo, chukua tangi lako uondoke. Usione haya kumwambia fundi aliyekuzidi umri: shikamoo mzee, lakini hapana.

Sasa, na sasa tu, plastiki na rangi. Kava ya taa iliyopasuka inashonwa: toboa vishimo kwa msumari wa moto pande zote za ufa, pitisha waya mwembamba au vifungo vya plastiki, yeyusha kwa ndani ili ishikane. Mikwaruzo pita na msasa laini wenye maji, kisha rangi ya kopo. Indiketa na vioo vya pembeni nunua vya bei yoyote. Kwenye kebo, beringi, viatu vya breki na gololi usifanye ujanja: nenda kwa wakala wa pikipiki yako, beba kile cha zamani mkononi, kilinganishe uzito na urefu kabla hujalipa. Feki za vitu hivi zipo nyingi, na zinafungwa kwenye boksi zuri kuliko la orijino.

Yapo ya kumwachia fundi, na kuyaacha si unyonge: fremu, kunyoosha shokapu kwa mashine, kuchomelea aluminiamu, na lolote lililo ndani ya injini. Mjini Moshi kuna chuo cha VETA, kwa hiyo vijana waliosomea ufundi magari si wa kutafuta kwa tochi. Ukimpata mzuri kaa naye kazi inapofanyika, na kila spea anayoibadilisha akurudishie ya zamani mkononi. Fundi mwaminifu hakasiriki kwa hilo.

Jaribio la kwanza lisiwe mlimani. Asubuhi ya Jumapili barabara za Shanty Town zimetulia na zimenyooka. Nenda mwendo wa kilomita 20 kwa saa, mikono imelegea bila kuachia, usikilize kama inavuta upande. Shika breki ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake, kisha zote. Ukiridhika, tafuta mteremko mfupi usio na magari, bila abiria na bila mzigo, upande na kushuka ukiwa kwenye gia. Baada ya kilomita 50 hivi rudi barazani ukaze upya kila bolti uliyoigusa, maana nyingine hulegea baada ya mtikisiko wa kwanza. Na ukifika Marangu ukakuta pikipiki haina nguvu ya jana, usianze kulaumu ajali. Geti la hifadhi pale liko juu ya mita 1,800, mita 1,000 hivi juu ya mjini, na injini ya kabureta hupoteza karibu sehemu moja kati ya kumi ya nguvu zake kwa kupanda kiasi hicho. Ikishuka itapona yenyewe.

Sevisi ya kwanza, ambayo miongozo mingi ya watengenezaji huiweka kati ya kilomita 500 na 1,000, usiiruke kwa kuogopa wataona imeanguka. Waambie wenyewe, wakague ekseli na gololi kwa macho yao.

Imebaki helmeti. Ile uliyoanguka nayo, kama ilipiga chini, imekwisha kazi hata kama kwa nje ina mkwaruzo mmoja tu: boya jeupe la ndani hujiminya mara moja likipokea pigo, na haliinuki tena. Kata mkanda wake kwa kisu kabla ya kuitupa, ili mdogo wako asije kuiokota akaivaa, na nunua mpya kabla ya kununua stika ya tangi.